Hatumpi Mgonjwa Wimbo

Juzi nilipokuja kuwatazama mkifanya mazoezi pale Ukunda, mmoja wenu aliniuliza, "Bi Mejumaa, tunataka kutengeneza dansi kuhusu mambo yaliyowaumiza watu. Tuanze na hatua gani?" Nikamwambia magoti yananiuma, nikaomba chai. Haukuwa uongo. Magoti yananiuma kweli, na chai yenu ilikuwa imekolea tangawizi. Lakini jibu nilikuwa nalo, ila ni refu, na katikati yake limekaa kosa langu mwenyewe. Kosa la mtu mzima halielezwi mlangoni, kikombe mkononi. Ndiyo maana nawaandikia.

Mimi nimecheza na kufundisha kucheza katika hoteli za Diani tangu nikiwa na kiuno chembamba, na mkitaka kucheka chekeni, kilikuwako. Kazi yetu ilikuwa kuwafurahisha wageni baada ya chakula. Tulikuwa na sheria tatu: meno yaonekane, hesabu iishie nane, na mgeni asikanyagwe. Siku moja mgeni mmoja mnene tuliyempandisha jukwaani aliangukia ngoma, ngoma ikapasuka, naye akakwama ndani hadi makalio. Tuliendelea kucheza tukimzunguka huku tunacheka, naye akadhani ni sehemu ya onyesho. Alitushukuru sana. Nawaambia haya mjue nilitoka wapi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mchezaji akiwa na huzuni, dawa yake ni kuhesabu vizuri.

Kisha zikaja fujo za mwaka wa tisini na saba. Nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Watu wa bara waliokuwa wakiishi nasi walichomewa nyumba, wengine wakauawa, wengi wakakimbia na nguo walizovaa. Baadhi ya waliofanya hayo walikuwa watu wa huku kwetu, wanazungumza lugha ninayoizungumza mimi. Nimelitafutia jambo hilo maneno laini kwa miaka mingi na sikuyapata. Niliona haya, na bado naona haya.

Wageni wakaacha kuja. Hoteli yetu ikawa na wafanyakazi wengi kuliko watu wa kuhudumiwa. Kikundi chetu kilikuwa cha watu kumi na wanne, tukabaki wanane. Meneja akaturuhusu tutumie ukumbi ambamo walikuwa wakirundika viti vya ufukweni, tufanye mazoezi ya maonyesho ambayo hayakuwako.

Miezi kadhaa baadaye Waithera akarudi. Alikuwa mwanamke wa kutoka Nyeri, mchana akifanya kazi ya udobi hapo hotelini na jioni akicheza nasi. Hapakuwa na mguu mwepesi kama wake katika kikundi kizima, na sisemi hivyo kwa kumpamba. Alirudi amekonda, na mkono wake wa kulia ameukunja ngumi. Haufungui. Nilidhani umeungua.

Nilijua ukweli wake siku moja tukikunja shuka. Kukunja shuka ya hoteli ni kazi ya watu wawili na mikono minne, naye alikuwa akitumia mkono wa kushoto na kiwiko. Nikamwambia, "Waithera, mkono huo umeupeleka hospitali?"

"Hauna kitu, dada," akasema. "Ni mimi niko na kitu."

Tukakunja shuka tatu zaidi. Ndipo akanieleza. Siku ile yeye na mtoto wake, Njeri, walijificha kwenye choo cha nje. Watu walipokuwa wakipita, mtoto alitaka kulia. "Nikamfunika mdomo na huu mkono. Nilishika sana, dada. Nilishika mpaka wakaenda. Kutoka nje, mtoto amelegea. Nilijua nimemuua."

Njeri hakuwa amekufa. Alipata pumzi, akatapika, akalia. Lakini tangu siku hiyo mama yake hakuweza kumgusa kwa mkono ule. Kila akiunyoosha, mtoto alikuwa akiutazama, na yeye akaanza kuuogopa kuliko mtoto alivyouogopa. Mwishowe akampeleka kwa dada yake huko Nyeri. "Nitamchukua siku huu mkono utakubali," akaniambia. Mtoto alikuwa na miaka minne.

Kwa hiyo jueni tangu sasa, yote nitakayowaambia yalikuwa kwa ajili hiyo: kama Waithera atamrudisha mwanawe au hatamrudisha. Dansi ilikuwa njia tu.

Wakati huohuo alikuja mwalimu kutoka Nairobi, msichana anaitwa Achieng, kutufundisha dansi ya kisasa kwa wiki mbili. Siku ya kwanza akatuambia tulale sakafuni, chali, tufumbe macho. Hakulala mtu. Wanawake tulikuwa na leso zetu, wanaume wako palepale, na sakafu ina mchanga. Nikamuuliza, "Mwalimu, kuna maiti hapa?" Yeye akacheka mpaka akalala peke yake. Siku ya pili tukaja na suruali ndani ya madera, wanaume wakahamia upande wa pili wa viti, tukalala. Mnapofundisha watu wa kwetu kulala sakafuni, fagieni kwanza, na pangeni nani atakuwa upande gani. Heshima ikishapata mahali pa kukaa, mwili nao utakuja.

Achieng alitufundisha mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba kabla ya hatua kuna pumzi. Kwamba mwili huweka yale ambayo mdomo umekataa kuyasema, na mtu akiusogeza polepole huweza kuyakuta. "Na wacha kusmile, Mejumaa," akawa ananiambia kila saa. "Hakuna mtu ananunua hapa." Siku ya kuondoka alinishika bega akasema, "Hii kitu ni pole pole. Mwili ukisema imetosha, imetosha."

Nilimsikia nusu. Ile nusu ya kwamba dansi huponya niliichukua yote, na ile ya polepole nikamrudishia aende nayo Nairobi.

Nikatunga dansi kwa siku nne. Niliamini nimepata dawa ya Waithera, na niwe mkweli, niliamini pia nimepata dawa ya haya yangu. Nikafikiri, mwiba hutolewa pale ulipoingilia. Kama alikimbia, basi acheze kukimbia. Kama walikuja na mapanga, basi yaje mapanga. Katika stoo ya hoteli kulikuwa na mapanga ya mbao tuliyokuwa tukitumia katika ngoma ya wapiganaji ya kuwafurahisha wageni. Nikayatoa, nikayapangusa vumbi.

Salim, kijana wetu wa Ukunda aliyekuwa akicheza sehemu za nguvu, alilishika moja akaligeuzageuza. "Dada Mejumaa, kweli haya?"

"Wewe hesabu nane," nikamwambia. "Mengine niachie mimi."

Waithera naye aliniuliza jambo moja tu. "Ni ya kucheza tu, sivyo?"

"Ya kucheza tu," nikasema.

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Nilimsimamisha Waithera katikati, mlango ukiwa nyuma yake, kwa sababu nilitaka Salim aingie kwa kishindo. Ngoma ikalia, Salim akaingia. Waithera hakukimbia hesabu nilizompa. Alimkamata Riziki, binti yetu mdogo kuliko wote kikundini, akamvuta nyuma ya rundo la viti, akamfunika mdomo kwa mkono wa kulia.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilisema, "Hivyo hivyo, Waithera, endelea." Mpiga ngoma akazidisha. Tulidhani anacheza, na tuliona anacheza vizuri kupita siku zote. Miguu ya Riziki ilikuwa ikipiga sakafu nami nikawa naihesabu kama ni mdundo. Salim ndiye aliyeelewa. Alitupa panga, akapiga magoti, akamfungua Waithera vidole kimoja baada ya kimoja huku akimwambia, "Wameenda, dada. Wameenda." Riziki akakohoa, akavuta pumzi. Waithera akautazama mkono wake, akatoka nje ameacha ndala zake mlangoni.

Sikulala vizuri kwa siku nyingi, na wala sikustahili.

Nikaenda Munje kwa shangazi yangu, Bi Mwanasiti. Shangazi alikuwa mpiga kayamba. Nyinyi kayamba mnaijua kwenye harusi: matete yamefungwa bapa, ndani mna mbegu, inashikwa kwa mikono miwili na kutikiswa. Lakini zamani kwetu ilipigwa zaidi kwa wagonjwa, wale wenye maradhi ambayo hospitali haiyaoni. Najua masheikh wanasema nini juu ya ngoma za pepo, na sitaki mzozo nao. Siwafundishi pepo. Nawaambia nilichofundishwa.

Nilimkuta akikuna nazi. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini na kumweleza yote, hadi neno lile la "endelea." Nilitazamia aniambie pole. Akakuna nazi nzima kabla ya kujibu.

"Ulimpa wimbo," akasema.

"Shangazi, nilitaka apone."

"Nani alikwambia wimbo wake ni huo? Mwanangu, sisi hatumpi mgonjwa wimbo. Anaketi, tunapiga. Tunapiga huu, hatikisiki, tunauacha. Tunapiga mwingine. Hatumwambii inuka, hatumwambii lia. Wimbo wake anaujua yeye, na pengine hata yeye hajui ila mwili wake unajua. Ukifika, utamwona. Hapo sasa ndipo sisi tunamfuata, si yeye kutufuata sisi."

"Na asipoitika?"

"Anapewa uji anakwenda kulala. Kesho ipo." Akanitazama kwa jicho ambalo wote katika ukoo wetu tunalijua. "Na mgonjwa gani anaketishwa mlango ukiwa mgongoni? Hilo hata mtoto hafanyi."

Nilimwomba aje Diani. Akakataa. Akasema kwanza nikarudishe ndala.

Nikazipeleka ndala za Waithera chumbani kwake, nimezifunga kwenye gazeti. Alifungua mlango nusu. "Sichezi tena, dada."

"Sikuja kukuita kucheza. Nimekuja kukwambia kwamba nilikukosea. Uliniuliza kama ni ya kucheza tu, nikakujibu jambo nisilolijua."

Hakusema amenisamehe. Alichukua ndala. Lakini Riziki, yule binti aliyefunikwa mdomo, alikuwa ameshafika kwake siku mbili kabla yangu, akaketi naye, akala kwake githeri, yale mahindi na maharagwe ya kwao, na kuniambia baadaye kwamba chumvi ilizidi. Naamini Riziki alifanya kazi kubwa kuliko sisi sote. Alikwenda kumwonyesha kwamba anapumua.

Shangazi akaja hatimaye, na kayamba yake ndani ya kanga. Waithera naye akaja kwa ajili ya Riziki, akasimama mbali. "Mama, samahani," akamwambia Shangazi. "Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mimi naswali mara tano," Shangazi akajibu. "Haya ni matete na mbegu. Keti pale unapouona mlango."

Kwa wiki tano, kila Jumatatu na Alhamisi alasiri, Shangazi alipiga. Sisi tulilala, tulipumua, tulijinyoosha kama Achieng alivyotufundisha, kila mtu na lake. Waithera aliketi akautazama mlango. Alikuwa hafanyi kitu. Mimi kutofanya kitu ni adhabu. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie jambo, na mara tatu Shangazi akanikoholea. Baada ya kila kipindi tulikunywa uji. Nyinyi mtakaofanya kazi hii, zoezi gumu kuliko yote si kuinua mguu. Ni kuketi na mtu asiyefanya kitu bila kumsaidia.

Katika wiki ya sita Shangazi alichoka vidole. Badala ya kutikisa kayamba, aliinamisha tu, upande mmoja, kisha upande wa pili, mbegu zikateleza zote pamoja.

"Hiyo," Waithera akasema. "Rudia hiyo."

Shangazi akarudia. Waithera akasema ni sauti ya mama yake akimwaga maharagwe kwenye ungo, huko Nyeri, kabla ya kuyachagua. Alisema hivyo akaanza kutokwa na machozi, hakuyafuta. Kisha akaomba ashike yeye.

Hapo ndipo mimi niliona kitu ambacho Shangazi, naapa, alikuwa amekijua tangu siku niliyomkuta na nazi yake. Kayamba haishikiki kwa ngumi. Ni pana. Ukiikamata kwa ngumi inaanguka. Lazima viganja vifunguke, viwili vyote, vidole gumba viwe juu. Waithera alijaribu kwa mkono mmoja na kiwiko kama zile shuka, ikamponyoka. Akajaribu tena. Kisha akaufungua mkono. Katika kiganja kulikuwa na alama za kucha, nne, zimekaa mstari. Akaiinamisha kayamba upande huu, na upande huu. Mimi nikainuka kwenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Dansi yetu ilitokea hapo. Hatukuitunga, tulimfuata. Aliposogea na mbegu tukasogea, alipokoma tukakoma. Salim siku moja akasema naye ana lake: baada ya fujo, askari waliokuja kuwasaka vijana hawakuuliza nani alifanya na nani hakufanya, na yeye alikaa siku mbili ndani ya mikoko maji yakimfika kifuani. Hakuwa amemwambia mtu. Akaomba acheze karibu na Waithera bila kumgusa. Waithera akafikiri kwa wiki nzima, akasema sawa, lakini awe upande anaomwona. Wakawa wanainama na kuinuka pamoja, hatua mbili kati yao, na mimi sikuwahi kuwaambia wasogeleane. Yale mapanga ya mbao niliyapeleka jikoni. Yalipika maharagwe ya wafanyakazi, yakaiva vizuri.

Jambo moja lilitusumbua: dansi haikuwa na mwisho. Kila nikimuuliza Waithera, alikuwa akisema bado haujui. Mejumaa wa zamani angeutunga kabla ya chai. Nikauacha.

Tuliombwa tuicheze asubuhi ya Jumamosi katika shule moja Msambweni, darasani, mbele ya watu wa bara na wa huku waliokuwa wameanza tena kusalimiana kwa shida. Waithera alimwandikia dada yake amlete Njeri. Aliniambia asubuhi ileile, "Nikishindwa, atarudi na dada yangu Jumatatu. Hiyo ndiyo nimejiambia."

Njeri aliketi mstari wa mbele mapajani mwa mama yake mkubwa, amevaa gauni la manjano na viatu vya mikanda. Tulicheza. Hakukuwa na makofi katikati, wala mtu hakucheka. Waithera aliinamisha kayamba kwa mara ya mwisho, akaiweka chini, akasogea mpaka mbele ya mwanawe, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja kikiwa wazi. Hatua hiyo hatukuwahi kuiona.

Mtoto akautazama mkono. Hakusogea.

Waithera naye hakusogea. Salim akanitazama, akiuliza kwa macho kama tumalize. Shangazi, aliyeketi kwenye dawati dogo la watoto, akaiokota kayamba akaanza kuinamisha, polepole, hana haraka ya kwenda popote. Sikutoa ishara yoyote. Nilikuwa nimejifunza. Sijui tulingoja muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko kazi yangu yote.

Kisha Njeri akashuka mapajani. Akausogelea mkono, akaupita, akafika magotini pa mama yake, akanyoosha mguu. "Mama," akasema, "kiatu kimefunguka."

Mkanda wa kiatu cha mtoto hauwezi kufungwa kwa mkono mmoja. Waithera akapiga magoti kwenye saruji, akaufunga kwa mikono miwili. Alichelewa kidogo kwenye tundu. Njeri alimshika kichwa ili asianguke, akawa anatazama dirishani. Alipomaliza cha kulia, mtoto akaleta na cha kushoto, ambacho hakikuwa kimefunguka.

Baadaye mzee mmoja alinipa mkono akasema dansi ni nzuri, hasa ile sehemu ya kiatu, inaonekana tuliifanyia mazoezi sana. Nikamwambia tuliifanyia.

Jumatatu dada yake Waithera alirudi Nyeri peke yake.